Nafasi ya Picha Moja

Wiki iliyopita msichana wa jirani yangu hapa Khayega alipika chapati ya kwanza maishani mwake, akaipiga picha kwa simu mpaka ikapoa. Aliipiga ikiwa sahanini, akaipiga imekunjwa, kisha akajipiga mwenyewe akiwa ameishika karibu na shavu. Nilipomuuliza picha zote hizo atazipeleka wapi, alicheka. "Zinakaa tu, kukhu," akasema. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu, nami nimekuwa kukhu wa mtaa mzima tangu nywele zilipobadilika rangi.

Zinakaa tu. Sijamlaumu, maana chapati ilikuwa nzuri na mimi nilipewa nusu. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza, kwa sababu katika miaka yangu ya kazi hakuna picha iliyokaa tu. Kila moja ilitafutiwa mahali, na mara nyingi picha nyingine ilifukuzwa ili hiyo ipate kuingia. Ninyi mnaosoma haya mmezaliwa nafasi ikiwa tele, kwa hiyo mmekosa swali moja tamu sana ambalo sisi tulilazimika kuuliza: picha inakula nini?

Nilikuwa mpiga picha. Studio yangu ilikuwa hapa sokoni, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kiti cha kuzunguka. Siku hizi magoti yamekataa kusimama na chumba kinauza viatu. Nilianza na filamu, nikamalizia na dijitali, na katikati palikuwa na miaka ya ajabu ambapo kitu kipya kilikuwa kidogo kuliko cha zamani. Hilo watu hawaliamini. Filamu moja ilinipa picha thelathini na sita. Kamera yangu ya kwanza ya dijitali, niliyouziwa na mtafiti wa vipepeo aliyekuwa akihama kutoka msituni, ilikuwa na kadi ya megabaiti kumi na sita, na ukiiweka kwenye ubora wa juu haikunipa hata nusu ya filamu. Simu ya yule msichana ingeimeza kadi hiyo bila kutafuna.

Wateja nao walikuwa na elimu yao. Kwenye harusi moja upande wa Bukura, nilimwambia baba wa bwana harusi kwamba kadi inakaribia kujaa. Alifikiri kidogo, akawageukia wageni, akaomba kwa heshima zote kwamba wale walionona wasimame nyuma au wasubiri, ili kadi isishibe haraka. Senje mmoja wa bibi harusi, yaani shangazi yake, mwanamke wa mwili kamili, aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyetunga sheria hiyo. Ilibidi nimbembeleze na kumpiga picha peke yake, amekaa, na ile picha ikatoka nzuri kuliko zote za siku hiyo.

Nilimcheka yule mzee njia nzima. Baadaye nilikuja kugundua kwamba alikuwa amekaribia ukweli kuliko mimi.

Aliyenifungua macho ni Mwalimu Lihanda. Alikuwa amefundisha upigaji taipu miaka mingi, kisha akafungua ofisi ndogo ya kompyuta mjini Kakamega, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu. Ni mtu aliyependa kuuliza kuliko kujibu. Ukimwendea na tatizo anakuuliza maswali matatu, na ukishayajibu unajikuta unaondoka na suluhisho lako mwenyewe, ila chai yake umekunywa. Mimi sikuwa na kompyuta, kwa hiyo kila nilipotoka kwenye shughuli nilipanda kwake kuhamisha picha kadi ibaki tupu.

Kompyuta ile, jamani. Kutoka hapo picha zilisafiri kwa diski za flopi, vile vibapa vya mraba, na flopi moja ilibeba picha moja. Kuna siku hata hiyo moja ilikataa kuingia. Na ukitaka kuangalia picha, unafungua moja, unaifunga, ndipo unafungua ya pili. Ukisahau ukafungua mbili pamoja, mashine inaganda na huna la kufanya ila kuizima. Niliwahi kumuuliza Mwalimu inakuwaje mashine ishindwe kufungua picha mbili ilhali imehifadhi mamia. Akaniuliza nyumbani kwetu ghala lilikuwa na magunia mangapi ya mahindi. Nikamwambia mengi tu. Akauliza, na mekoni mlikuwa mnabandika sufuria ngapi kwa mara moja? Hapo nikaelewa tofauti ya kumbukumbu ya kuwekea na kumbukumbu ya kufanyia kazi, na sijawahi kuisahau. Kijana akikuambia leo kwamba simu yake ina nafasi tele lakini inakwama, mwambie ghala ni kubwa ila meko ni madogo.

Picha kwenye kioo cha mashine hiyo ilishuka polepole kutoka juu, mstari kwa mstari. Siku moja nilienda na mteja, mwuza ng'ombe mmoja wa Shinyalu, aone picha zake kabla sijazichapisha. Kikaanza kutokea kichwa kutoka utosini, chenye upara mpana unaong'aa. Yule bwana akakataa katakata. Alisema huyo si yeye, nimemchanganya na mtu mwingine, yeye ana nywele. Mwalimu Lihanda alimwekea chai. Macho yakashuka, pua ikashuka, na masharubu yalipofika yule bwana akanyamaza. Masikini, hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha utosi wake.

Sasa turudi kwenye lile swali. Nilianza kuona jambo la ajabu na kihesabu cha kamera, ile namba ndogo inayokuambia zimebaki picha ngapi. Nikipiga mtu mbele ya pazia langu la buluu, mara nyingine namba haishuki. Inasema zimebaki nane, napiga, bado nane. Nikipiga watu kwenye majani ya chai, inashuka mara moja, na siku nyingine inashuka mbili kwa mkupuo. Nilidhani kamera ni mbovu. Nilitaka hata kumfuata mtafiti wa vipepeo huko alikoenda.

Mwalimu akaniuliza: picha ipi nzito, ya obusuma, yaani ugali, au ya mboga? Nikamwambia sijui. Akasema kuuliza si ujinga lakini kukisia ni uvivu, nenda ukapige. Basi nikawa mwendawazimu wa Khayega. Nilipiga picha sahani ya ugali mtupu, nikapiga sahani ya sukuma iliyokatwakatwa. Nilipiga ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, nikapiga kichaka. Nilipiga anga bila wingu, nikapiga kuku wa madoadoa. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kama siku hizi ugali nao unalipia picha za pasipoti. Kisha nikapanda ghorofani tukakaa mbele ya mashine tukisoma uzito wa kila moja. Ugali ulikuwa mwepesi mno. Mboga ilikuwa nzito mara kadhaa. Ukuta haukuwa na kitu. Kichaka ndicho kilichokuwa kizito kupita zote, hata kumshinda kuku.

"Mashine ni mvivu kama wewe na mimi," Mwalimu akasema. "Ikiona weupe, ikaona weupe tena pembeni, inasema 'na kuendelea hivyo hivyo.' Lakini kila jani lina sura yake, itabidi iyataje yote."

Nilifurahi siku ile kama mtu aliyeokota ufunguo. Kumbe si unene wa watu unaojaza kadi. Ni vitambaa vya maua, miavuli ya rangi, nyasi, majani, umati wa nyuso ndogo ndogo. Yule mzee wa Bukura angewaacha wanene wake mbele na kuwaondoa wenye leso za maua, angepata picha nyingi zaidi. Tangu hapo nikawa nasimamisha watu mbele ya kuta. Akina mama wa kanisa waliovaa sare moja nyeupe walikuwa wapenzi wangu wakubwa, na hawakujua kwa nini.

Nawapa na mengine ya kazi, nikiwa bado nayakumbuka. Usitoe kadi kamera ikiwa bado inawasha taa ya kuandika. Nimeona maarusi wakipotea hivyo. Usisubiri kadi ijae ndipo uanze kufuta, kwa maana mtu mwenye haraka hufuta kwa kidole na si kwa akili. Na ukishusha ubora wa picha ili upate nafasi, jua umeshusha na ukubwa wake. Picha hiyo itakuwa nzuri kiganjani lakini ukitaka kuitundika ukutani kama kalenda itakuwa vigae.

Hilo la mwisho ndilo linalonipeleka kwenye mazishi ya Mama Trufena.

Alikuwa mama mkongwe wa upande wa Shinyalu, mwenye shamba dogo la chai karibu na msitu. Mwanawe wa kwanza, Ingosi, ndiye aliyeniita. Kwetu mnajua mazishi yalivyo. Kabla jeneza halijafungwa, mwongoza shughuli anaita makundi, kila kundi linasimama na marehemu lipigwe picha: watoto, wajukuu, wakwe, akina mama wa kanisa, majirani, wenzake wa chama. Asiyeitwa anajua hakuhesabiwa. Nimeona watu wakinuniana miaka kwa sababu ya picha ya jeneza.

Nilikuwa nimepanga kadi yangu vizuri, kundi kwa kundi, na akiba ya picha chache. Kisha mheshimiwa mmoja akatokea bila kutarajiwa, na msafara wake, na miavuli yenye rangi ya chama chake. Akapigwa akisalimia, akapigwa pamoja na familia, akapigwa akiinama mbele ya jeneza. Miavuli ile ilikunywa kadi yangu kama ng'ombe wa kiangazi. Nikafuta picha za ng'ombe, nikafuta za sufuria, nikafuta za hema, ili tu akina mama wa kanisa wapate nafasi. Ingosi alinijia akaniambia nifute nitakacho, ila picha yenye mama ndani yake nisiguse hata moja. Kwao kumfuta mtu aliyesimama na marehemu ni kumtoa matangani. Nilimwelewa.

Kundi la mwisho lilipomaliza, kihesabu kilisoma sifuri. Mawingu yalikuwa yamepanda kutoka msituni, na mvua yetu ya mchana mnaijua haibembelezwi. Wanaume walikuwa wameshashika kifuniko.

Ndipo bodaboda ikaingia uwanjani, na mwanamke akashuka amejaa matope mpaka magotini. Jina lake Muhonja. Alikuwa ametoka Lugari tangu alfajiri, kwa sababu habari zilimfikia zimechelewa. Mama Trufena alimzaa wa mwisho, akaugua vibaya, na dada wa mumewe aliyekuwa na shamba la mahindi huko Lugari na hakujaliwa mtoto akamchukua kichanga akamlea. Senje huyo alishafariki. Mama alikuwa akienda kumwona wakati wa mavuno, lakini kaka zake walikua bila yeye, na maneno ya watu hayana mlango. Huko Lugari waliomzunguka walimwita wa kuletwa. Huku Shinyalu wengine walisema ni wa senje mwenyewe, kapata nje, Mama Trufena alitajwa tu kufunika aibu. Ingosi, ambaye mwaka ule alikuwa shule ya bweni, alikuwa mmoja wa walioamini hivyo. Kundi la watoto lilipoitwa asubuhi, jina la Muhonja halikutajwa, na hakuna aliyesema tumngoje.

Alikuja moja kwa moja kwangu, si kwa kaka zake. "Mama Picha, nipige na mama," akasema. "Sijawahi kuwanga na picha yake hata moja."

Ingosi alisema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye hema, "Watoto walishapigwa. Huyu ni wa senje. Na hiyo kamera imeshiba, umesema mwenyewe."

Kweli nilikuwa nimesema. Nilimwangalia yule mwanamke na matope yake, na nilipatwa na hasira ambayo si kawaida yangu kazini. Kazi yangu haikuwa kuamua nani mtoto wa nani. Lakini aliomba picha, na kuhusu picha mimi ndiye niliyejua.

Nikashusha ubora hadi chini kabisa, kule ambako sikuwa nimewahi kushuka kwa mteja. Sifuri ikabadilika ikawa moja. Kulikuwa na kipande cha nafasi kilichobaki pembeni, kidogo mno kwa picha ya kawaida. Lakini moja hiyo ilikuwa makisio tu ya kamera. Nilishaona ikiahidi moja, unapiga, inakuambia kadi imejaa na picha haipo. Nyuma ya jeneza palikuwa na watu wote wa matanga, na nyuma yao majani ya chai, na nyuma ya chai msitu mzima. Nikajua nikipiga hivyo nimepoteza.

Nikaenda kwenye meza ya wageni, nikaondoa vikombe, nikavuta kitambaa cheupe cha meza. Nikawaomba akina mama wawili wa kanisa wakishike juu nyuma ya jeneza, wakivute kisiwe na mikunjo. Nikawaomba watu wote wasogee kando. Walisogea wakinung'unika, wakidhani ni desturi fulani ya Lugari. Nikamwambia Muhonja ainame, alete uso wake karibu na wa mama kadiri anavyoweza, asiangalie kamera kama hataki. Akainama. Hakulia. Aliweka shavu pale kwenye satini nyeupe, akatulia kabisa.

Nikapiga. Taa ya kuandika ikawaka, ikakaa, ikakaa. Kisha ikazima. Picha ilikuwa imeingia. Kifuniko kikafungwa, na matone ya kwanza yakaanza kugonga mbao.

Muhonja alirudi Lugari siku hiyo hiyo. Siku kadhaa baadaye Ingosi akaja tupande kwa Mwalimu Lihanda kuchagua picha za kuchapisha. Tulizipitia moja moja, kwa subira iliyotakiwa na mashine ile. Kwenye kila picha mama yake alikuwa kitu kidogo katikati ya umati, leso, miavuli na shingo zilizorefushwa. Ya mwisho, kwa udogo wake, ilifunguka mara moja. Hapakuwa na kitu humo isipokuwa weupe na nyuso mbili.

Paji lilikuwa moja. Taya lilikuwa moja. Na nyusi ya kushoto, kwa mama na kwa Muhonja, ilipanda juu kidogo kuliko ya kulia, kama mtu aliyesikia jambo akalitilia shaka. Ingosi alisogea karibu na kioo. Kisha akainua kidole, akakipitisha polepole juu ya nyusi yake mwenyewe ya kushoto.

Akauliza kama hiyo inaweza kufanywa kubwa, ya kutundikwa sebuleni. Nilimwambia ukweli, kwamba haiwezi, nafasi ilikuwa ndogo na picha itabaki ndogo, ya kushika mkononi tu. Akasema basi nitoe ndogo, moja kwa kila mtoto wa mama.

Nikamuuliza ni wangapi. Hakunipa namba. Alianza na jina lake, akawataja mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, akafika kwa yule ambaye siku zote alisemekana ndiye kitinda mimba, akamtaja. Akavuta pumzi.

"Na Muhonja," akasema.